Misalaba Inayolalia Kushoto

Handan, 9 Machi 2011

Mdogo wangu Yuhe,

Salamu kwako, kwa shemeji na mgongo wake, na kwa huyo paka wenu mnene. Sisi hatujambo. Baba Miao kila asubuhi yuko bustanini na wazee wenzake wanacheza sataranji, anarudi na uongo kwamba ameshinda. Ana simu yake mwenyewe. Anaongea nayo jikoni huku anamenya vitunguu saumu, mbele ya macho yangu, ati ni mambo ya sataranji. Mimi naona mdomo tu unacheza. Masikio yangu niliyaacha kiwandani kwenye mashine za kufuma, wewe unajua, kwa hiyo usipige tena. Niandikie.

Jicho langu la kulia lina mtoto wa jicho, na la kushoto linafuata. Daktari anasema halijakomaa kukatwa, tungoje. Nikamwambia hili ni jicho, si tikiti.

Nimeutoa kabatini ule mchoro mkubwa wa kudarizi, wa ndege wawili wa heri kwenye tawi la maua, wale weusi wenye kifua cheupe wanaolia uani mgeni akiwa njiani. Maua yote nimeyamaliza. Ndege ndio wamenishinda. Ramani ya rangi inataka nyeusi, halafu bluu iliyokaribia nyeusi, halafu kijani kilichokaribia nyeusi, na kwangu zote ni giza moja. Nakutumia kitambaa kwa posta, pamoja na nyuzi na ramani. Nyinyi huko ni kundi zima, mna macho.

Sikiliza vizuri. Kila mshono ni msalaba wenye miguu miwili, na mguu wa juu unalalia kulia. Yote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Mkichanganya nitajua.

Ni wa kutundika sebuleni kwangu. Usiniulize kingine.

Dada yako,
Yuqiao

*

Dandong, 2 Aprili 2011

Dada,

Shikamoo, na pole ya jicho. Mgongo wa shemeji yako unapona siku ya mpira na kuuma siku ya kufagia. Paka hajambo, na amekasirika kuitwa mnene.

Kitambaa kimefika, kimekunjwa kama bendera ya taifa. Jumatano nilikipeleka dukani kwa Bi Piao, yule anayetengeneza fremu. Ndiko tunakokutana kushona, watu saba, mezani kwake nyuma ya vioo. Barua yako niliisoma kwa sauti kama kawaida. Ndiyo, dada, huwa nazisoma, tena watu wanazisubiri kuliko tamthilia. Ile ya tikiti ilimchekesha Mzee Meng hadi akajidunga kidole. Mzee Meng ni dereva wa treni mstaafu, mwanamume pekee kati yetu. Anashona chui milia, mwaka wa tatu huu, na bado yuko masikioni. Tukimtania anasema treni yake pia ilikuwa haichelewi, ila inafika kwa wakati wake.

Sasa hili, na usininunie. Mchoro huu naukumbuka. Uliununua Miao alipopata kazi ya kwanza, ukasema siku ya arusi ya mwanangu utakuwa ukutani kwake. Lile doa la chai pembeni ni yeye alilimwaga, ukamfukuza hadi kwenye ngazi na ufagio. Sikuulizi kwa nini umeutoa. Ila mwaka wa sita huu hujaniuliza habari zake hata mara moja. Mwanao ni mzima. Basi, nimenyamaza.

Wako,
Yuhe

*

Handan, 20 Aprili 2011

Yuhe,

Tu wazima. Miti ya mipopla barabarani imeanza kumwaga pamba yake, inaingia hadi kwenye sufuria.

Nilikutumia kitambaa, sikukutumia mdomo. Najua alikuja kwenu huko na yule fundi wake wa mabomba, mtu mzima aliyekwisha kuoa akaacha, tena ana mtoto. Sijauliza kama mnaonana, na wewe usiniambie. Nilimwambia ukivuka kizingiti hiki na mtu huyo, usirudi. Akavuka. Hata mlango hakuufunga, niliufunga mimi.

Tangu mdogo alikuwa hivyo. Ukimwambia huku, yeye kule. Mezani alikuwa akigonga viwiko vya kila mtu, mpaka baba yetu akanyanyua bakuli akaenda kula barazani, na aibu nikaibeba mimi. Mama gani alimfundisha mwanawe kuliko mimi? Nimechoka mkono wangu kwa yule mtoto.

Shoneni ndege.

Yuqiao

*

Dandong, 28 Juni 2011

Dada mpendwa,

Usinipige, najua nimechelewa miezi miwili. Shemeji yako alilazwa siku tisa, mgongo safari hii si utani. Sasa yuko nyumbani, anaamuru watu akiwa kitandani kama mfalme. Mvua zimeanza na mto umejaa.

Ndege wa kwanza amekamilika, tena amependeza! Bi Piao alimwekea fremu tupu juu yake tumwone, wote tukaweka sindano chini. Hata Mzee Meng alikiri ndege huyu ana roho kuliko chui wake. Nakurudishia umwone kabla hatujaanza wa pili, maana najua hutalala.

Unaniuliza kimoyomoyo nani ameshona. Tumeshona. Dukani mikono ni mingi na kila mtu ana Jumatano yake. Mmoja wetu aliomba aachiwe huyu ndege peke yake, akasema yeye ndiye atakayemmaliza na wengine wasimguse. Tukamwachia. Basi mwangalie, halafu uniambie kwa upole. Nasema tena, kwa upole.

Yuhe wako

*

Handan, 15 Julai 2011

Yuhe,

Pole ya shemeji. Mpe supu ya mifupa, na asinyanyue kitu hata ndoo.

Sasa ndege. Nilimfungua dirishani saa nne asubuhi, jua likiwa limejaa. Weusi siuoni, lakini mng'ao nauona, na hilo halihitaji jicho zima. Mbawa za ndege yule zinang'aa kinyume na mchoro wote! Nikapitisha ukucha. Kila msalaba, mguu wa juu umelalia kushoto. Kila mmoja, Yuhe, si kosa la usingizi. Miaka ishirini na sita nimekagua vitambaa kiwandani, na ningepitisha kitu kama hiki wangenicheka hadi stesheni.

Nimemfumua. Misalaba elfu mbili na mia tatu na kitu, siku nne, kwa ncha ya sindano na kwa kupapasa, maana kuona sioni. Nyuzi zake nimezijaza kwenye kimto kipya cha kuchomekea sindano, angalau zifae kitu.

Mkono wa nani huu mbovu? Mwambie huyo shoga yako, kama hakufunzwa kwao, asijifunzie juu ya kitambaa changu. Kushona si kwake, akakaange mbegu za alizeti. Nakirudisha kitambaa. Mshone wewe mwenyewe kwa mkono wako, au mniache nife na ndege asiye na mwili.

Dada yako

*

Dandong, 30 Agosti 2011

Dada Yuqiao,

Tu wazima. Nimeanza barua hii mara nne. Leo naimaliza hata kama nitalia juu yake.

Barua yako ilifika Jumatano. Niliipokea kwa mtu wa posta mlangoni, nikaingia nayo dukani bila kuifungua, watu wakapiga makofi, soma, soma! Nikasimama nikasoma. Ujinga wangu ni huo, na sitaki uniambie si wangu. Kwenye supu ya mifupa walicheka. Nilipofika kwenye mng'ao nilishajua, lakini macho yalikuwa yanakimbia mbele na mdomo unafuata. Nikasema "mkono mbovu". Nikasema "hakufunzwa kwao". Ndipo nikaikunja barua.

Alikuwa amekaa hapo hapo, dada. Kwenye ncha ya meza, anapokaa kila Jumatano kwa miaka minne sasa. Ni Miao.

Hakulia. Alichomeka sindano yake kwenye kitambaa cha Mzee Meng alichokuwa anamsaidia, akamaliza chai, akasema, "Mama mdogo, mwambie ana haki, mkono haukufunzika." Akachukua mwavuli akaondoka. Mzee Meng akatoka nyuma yake na mguu wake mbovu hadi kituo cha basi, akarudi peke yake. Hajaja tena tangu siku hiyo. Naenda kwake, ananipa chai, tunazungumza bei ya kabichi.

Nilipokifungua kitambaa mezani mwishoni mwa mwezi wa tatu alilijua doa la chai kabla sijasema lolote. Akaweka kidole juu yake. Akaniuliza, "Ni yeye ameutoa mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akaniomba ndege mmoja. Miezi miwili alimshona na mkono wake wa kushoto, maana ndio mkono wake, na ukishona kwa kushoto bila kujilazimisha, msalaba unalala hivyo. Mimi niliona, na wote waliona. Tulikubaliana tusimwambie. Nilijidanganya kwamba ukiona utamjua, na ukimjua utalegea. Sikufikiri kwamba utaona kosa tu.

Na lingine, maana sasa sina la kuficha. Ana mimba ya miezi minne. Ya tatu, mbili za kwanza hazikukaa. Anatarajia mwishoni mwa Januari. Mama mkwe wake alishafariki. Unajua maana yake: ule mwezi wa kukaa ndani baada ya kujifungua, hakuna wa kumpikia wala wa kumfunga tumbo. Fundi ni mtu mwema, na hilo ungelijua kama ungetaka, lakini hawezi hata kuchemsha yai.

Nikasirikie mimi.

Yuhe

*

Handan, 11 Septemba 2011

Yuhe,

Salamu sina leo.

Siku mbili sikuandika. Siku ya tatu nilimwuliza Baba Miao kama alijua. Akaacha kumenya vitunguu. Akachukua kalamu, akaniandikia pembeni ya gazeti: "Nampigia kila Jumapili, miaka sita." Mbele ya macho yangu, Yuhe! Jikoni kwangu! Nilimrushia kibao cha kukatia mboga, kikampita. Halafu nikakaa chini. Sikumlaumu sana. Mwenye kufunga mlango nilikuwa mimi.

Nitakwambia kitu ambacho wewe ulikijua nusu. Alipokuwa na miaka mitano nilimfunga mkono wa kushoto na uzi mwekundu kwenye mguu wa kiti, wakati wa kula na wakati wa kuandika. Majira yote ya baridi. Watu walisema mtoto wa kushoto atadharauliwa shuleni, nami nikaona namwokoa. Akiugusa uzi nilimpiga na vijiti vya kulia, hapa kwenye vifundo vya vidole. Akajifunza kuandika kwa kulia. Nikatamba mtaani kwamba wangu amenyooka. Sasa naambiwa, akiwa mbali nami, mkono umerudi ulikotoka.

Nimekagua vitambaa maisha yangu yote na sikumtambua mwanangu chini ya ukucha wangu.

Kile kimto cha sindano nimekipasua. Nimezitoa zile nyuzi zote, vipande vya urefu wa kidole, nikazitandaza juu ya gazeti. Haziwezi kushonwa tena. Nimezirudisha ndani, nimekishona upya.

Kitambaa kiko kwako. Mpelekee. Mwambie mama yake anamwomba ashone ndege yule tena vilevile alivyomshona. Asigeuze hata msalaba mmoja. Neno kwa neno mwambie, au mpe barua hii asome mwenyewe.

Haraka, Yuhe.

Yuqiao

*

Dandong, 6 Novemba 2011

Dada,

Tu wazima kiasi. Mabomba ya joto yamewashwa, fundi wetu halali nyumbani kwa kuzunguka. Shemeji yako anatembea na fimbo.

Barua yako ilifika nikiwa Shenyang hospitalini na shemeji, ikakaa kwa jirani hadi baada ya sikukuu ya mwezi wa kumi. Wiki tatu, dada. Nikija kufa nitaulizwa habari za wiki hizo tatu.

Kwa sababu kabla sijasafiri, Miao alikuja kwangu, akachukua kitambaa kwenye kabati, akasema anataka kumaliza alichoharibu. Nikadhani vizuri. Niliporudi nikaenda kwake mbio na barua yako mkononi, nikamkuta kakunja kitambaa mezani, tayari. Ndege wote wawili. Ameshona kwa mkono wa kulia, dada. Misalaba yote imelalia kulia, nimeipitia mimi na Bi Piao kwa kioo cha kukuzia, hakuna hata mmoja uliokosea. Ncha za vidole vyake vyote vya kulia zimetobokatoboka kama za mtoto anayeanza. Mumewe aliniambia mlangoni kwa sauti ya chini kwamba alikuwa anashona huku anajihesabia kwa mdomo, na mkono wa kushoto ameukalia.

Nilimpa barua yako. Akaisoma amesimama. Akaurudia ule ukurasa wa uzi mwekundu. Akaikunja ndogo kabisa, akasema, "Nimeshamaliza, mama mdogo. Mpelekee. Sasa mchoro uko sawa." Nikamwambia Miao, mama yako anaomba. Akasema, "Nimesikia." Akaenda kuangalia sufuria.

Lakini barua hakunirudishia. Ameiweka mfukoni mwa aproni.

Tumbo limekuwa kubwa, miguu inavimba. Kuhusu ule mwezi, nilimwambia nitakuja mimi. Akacheka, akasema na shemeji nani atamhudumia. Sijui nitagawanyika vipi.

Nakutumia kitambaa.

Yuhe

*

Handan, 27 Novemba 2011

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa shemeji na fimbo yake, kwa Bi Piao, na kwa Mzee Meng aliyemfuata mwanangu hadi kituoni wakati mimi sikuwepo. Mwambie nimesikia.

Kitambaa kimefika juzi. Nimekitandaza dirishani saa ileile. Kinang'aa chote upande mmoja, maua na ndege, kama kimeshonwa na mtu mmoja kwa siku moja. Nilipitisha ukucha juu ya mbawa zote mbili, mstari kwa mstari, asubuhi nzima. Nilikuwa natafuta mmoja tu, Yuhe. Mmoja aliousahau, ulalie kushoto. Hakuna. Amefanya kazi safi kuliko yangu. Ningekuwa bado kiwandani ningegonga muhuri wa daraja la kwanza, na nimekaa nikakililia kitambaa kisicho na kosa hadi Baba Miao akaja kukivuta kisilowe.

Sitakiweka fremu. Sebuleni kwangu hakikai.

Nimekwenda kwa daktari, akasema jicho limekomaa, nikamwambia lingoje hadi majira ya kuchipua, na akaona mimi ndiye tikiti sasa. Nimekata tiketi. Naondoka tarehe sita Januari, nabadilisha treni Beijing, Baba Miao ananisindikiza kwa sababu matangazo ya stesheni siyasikii. Nimenunua ulezi wa njano gunia dogo, sukari guru na mkanda wa pamba wa kumfunga tumbo. Mayai nitanunua huko. Hata fundi nimemfumia soksi, kwa kubahatisha mguu.

Mwambie kwamba nakuja. Usimshtukize, usipange mchezo, nimechoka na siri, na zako na za mume wangu. Mwambie nakuja kukaa naye mwezi mzima, na kwamba naleta kitambaa, na sindano, na fungu jipya la uzi mweusi, na kwamba yule ndege wa kwanza tutamfumua pamoja akiwa na nguvu, amshone anavyojua. Akisema hapana, nitakaa kwako. Kila siku nitampelekea uji na kuuacha mlangoni, na safari hii mlango aufunge yeye akitaka.

Akikubali nile mezani kwake, nina ombi moja. Mzazi huwekewa kiti cha heshima kinachotazama mlango. Mimi sikitaki. Niwekeeni kiti kushoto kwake, ubavu kwa ubavu. Najua viwiko vitagongana na supu itamwagika. Acheni vigongane.

Dada yako,
Yuqiao